Siku ya Tano ya Fungate

Msambweni
Alhamisi, Septemba 1956, baada ya Isha

Demani imetulia. Upepo wa leo ulikuwa mwembamba, mbingu safi, bahari laini kama shuka iliyopigwa pasi. Siku nzuri kuliko zote za wiki hii, na mimi nimeitumia yote mbali na mke wangu.

Mke wangu. Naliandika tena ili nilitazame. Mwanaidi, mke wangu. Siku tano sasa, na kila nikiamka bado naogopa kwamba mtu atabisha hodi aseme pametokea makosa, bibi arusi huyu alikuwa wa mwingine.

Leo alfajiri hodi ilibishwa kweli.

Nina hasira, daftari langu. Nina hasira na kazi, na bahari, na afisa wangu, na ukindu uliotundikwa juu ya mlango wa chumba. Zaidi ya vyote nina hasira na nafsi yangu, na hiyo nitaiandika mwisho, kwa sababu mkono wangu hautaki kuifikia.

Nianze na ukindu. Kwao Mwanaidi fungate si maneno matupu. Siku saba bwana arusi hukaa nyumbani kwa mkewe, huletewa chakula, hutiwa udi, hana kazi ila kupumzika na kujuana na mwenziwe. Mlinzi wa siku hizo ni Bibi Mwanakombo, mama yake mama mkwe wangu, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya shamba. Ametundika ukindu mmoja juu ya mlango wetu. Kila Magharibi, adhana inapoanza, hutazama kama sote wawili tumo nyumbani, kisha hufunga fundo. Mafundo saba, fungate imetimia. Magharibi ikimkuta bwana arusi nje, ukindu hukatwa, hutundikwa mwingine, na hesabu huanza upya. Baba mkwe wangu mwenyewe alikatiwa wake siku ya pili kwa sababu ya bao. Mpaka leo akiona watu wanacheza bao hupita upande wa pili wa njia.

Jana jioni nilikuwa na mafundo manne. Ruhusa yangu ya kazi inakwisha Jumamosi, siku ya fundo la saba. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri, kama mtu aliyesoma.

Aliyebisha hodi alikuwa Kalume, fundi wa mashine ya motaboti yetu, na barua ya afisa mkononi. Karani wa zamu ameshikwa na homa. Hakuna mwingine wa kusoma makaratasi ya vyombo. Naombwa nusu siku tu.

Bibi Mwanakombo alimsimamisha Kalume kizingitini. "Bahari yote hiyo haina mtu mwingine?"

"Wapo, Bibi, ila hawajui kusoma."

"Basi kusomeshwa kwake ni hasara kwetu," Bibi akasema. Kisha akanielekezea kidole. "Nenda. Lakini adhana ya Magharibi ikusikie humu ndani. Mimi sihukumu kwa saa ya serikali."

Mwanaidi hakusema mbele ya watu. Alinisubiri nyuma ya pazia, akanitia asumini mfuko wa shati, akainyoosha kola yangu ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Ana namna ya kucheka akiufunika mdomo kwa upande wa nje wa mkono, ili asiifute hina ya viganja. Hakucheka leo. Alisema tu, "Rudi na jua, bwana wangu."

Rudi na jua! Niambie, nani angesikia maneno hayo asiogelee kutoka Vanga?

Nilipoajiriwa, miaka miwili iliyopita, nikitoka sekondari Mombasa na cheti changu ndani ya bahasha, nilidhani kulinda bahari ni kusimama mbele ya chombo na darubini. Nilimwandikia Mwanaidi hivyo katika barua zangu za uchumba. Alinijibu kwamba akisikia mawimbi usiku huwa hana wasiwasi, maana mimi ndiye ninayeyalinda. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba wiki ile nilikuwa nimeshinda nakwangua kinyesi cha ndege kwenye kioo cha taa.

Leo pia nimekwangua. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya pili.

Nahodha wetu ni Mzee Athumani, mtu wa maneno machache, anayeijua miamba ya kutoka Gazi mpaka mpakani kama ninavyozijua herufi. Herufi hazijui. Tulipokwisha toka ufukweni alitoa karatasi mfukoni, akanipa. "Afisa kaandika kazi za leo. Nisomee."

Juu palikuwa na yale maneno, nusu siku tu. Chini yake palikuwa na kazi sita.

Nakiri hapa ambapo hakuna anayeniona: nilifikiri kusoma nne. Mzee Athumani angejuaje? Midomo ilikuwa imeshafunguka. Kisha nikaona amenitazama kwa kuniamini, sikio limeinama upande wangu, nikasoma zote sita kwa sauti, na kila moja ikawa kama msumari.

Boya la mlango wa mwamba lilikuwa limekata mnyororo, limepanda kwenye matumbawe kama ng'ombe aliyepotea. Saa mbili nzima tulikuwa majini mpaka kifuani tukilivuta, tukilifunga, tukilirudisha linakoonyesha njia. Kikoi changu kipya cha arusi kilichanika. Kalume alinikagua miguu yenye hina ndani ya maji maangavu, akacheka mpaka akameza bahari. "Samaki leo wameona makubwa," akasema. "Watakwenda kusimuliana."

Halafu taa ya ncha ya Funzi: kuipandia, kuijaza mafuta, kuisafisha kioo. Halafu dawa za zahanati ya kisiwani, chupa kwa chupa, kila moja na sahihi. Pale Funzi, kazi ya nne, wavuvi wawili walikuwa wakitungoja, wameshikana mashati, kila mmoja akimshitaki mwenziwe kwamba ametupa baruti kwenye maji ya samaki wa watu. Nikaandika maelezo ya huyu, nikaandika ya yule. Wote wawili walikuwa mashemeji, na wote wawili walikuwa wakisema uwongo. Jua likapita utosini bila kuniaga.

Kazi ya tano ilikuwa kukagua chombo chochote kitokacho upande wa Tanganyika. Tangu bara kuingia katika hali ya hatari, kila msafiri ni lazima tumtazame karatasi zake, na kila gunia lifunguliwe, kwa ajili ya vitambaa visivyolipiwa ushuru na silaha ambazo mimi sijaziona hata siku moja. Leo ilikuja mashua ya papa mkavu. Magunia thelathini. Niliyafungua yote, nikatia mkono ndani ya yote, mimi niliyefukizwa udi asubuhi na bibi arusi. Ile asumini ya mfukoni ikasinyaa. Nilijinusa nikataka kulia.

Na kazi ya sita, ya mwisho, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama kitu kisicho na uzito: kuhesabu abiria wa vyombo vya arusi vinavyokwenda Gazi, kila kimoja na idadi iliyo kwenye leseni yake.

Sasa nimefika mahali pale.

Ilikuwa saa kumi alasiri, tunaondoka Funzi kurudi nyumbani. Bado nilikuwa na zaidi ya saa mbili, na safari ni ya saa moja. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Tukaiona mashua ya tanga moja inatoka Vanga, imejaa kina mama waendao arusini. Leseni yake watu kumi na wawili. Katikati palifunikwa turubali, na chini ya turubali ndiko walikokuwa wanawake, kama desturi.

Hapa ni lazima nieleze jinsi tunavyofanya, maana huku kwetu mwanamume hafunui turubali la wake za watu, awe na kofia ya serikali au asiwe nayo. Mzee Athumani ndiye aliyeanzisha njia yetu, zamani, kabla yangu. Karani huipa mashua mgongo. Kila mwanamke, kuanzia aliye mbele mpaka aliye nyuma, hupiga kofi moja. Karani huhesabu makofi, huandika. Hakuna aliyeonekana na hakuna aliyeachwa. Siku ya pili ya fungate nilimsimulia Mwanaidi, akafurahi kama mtoto, akajificha nyuma ya pazia akapiga kofi moja, mimi nikaandika hewani: mmoja. Tulicheka mpaka Bibi akagonga ukuta.

Leo nilipanda ile mashua na kitabu changu. Kabla sijageuka, pepo za bahari zikanisaliti.

"Jamani, ni papa huyu au ni udi?" sauti ikatoka chini ya turubali.

"Vyote viwili, shoga. Hebu chungulia miguu yake. Hina!"

"Bwana arusi! Siku ya ngapi leo, mwanangu?"

Nikajibu kwa upumbavu wangu kwamba ni ya tano. Turubali likatikisika kwa vicheko.

"Siku ya tano yuko baharini! Kafukuzwa huyu."

"Hajafukuzwa, katoroka. Chakula kimemshinda."

"Mwacheni mtoto wa watu, labda bibi arusi kamtuma kitoweo."

Masikio yangu yalikuwa moto. Kalume kwenye motaboti alikuwa ameinama juu ya mashine yake, mabega yanacheka. Nahodha wa ile mashua, kijana mwenye jino la dhahabu, aliuona udhia wangu na akaniokoa, au niliona ananiokoa. "Wanawake ni wanane, karani. Mimi na mabaharia wawili. Tuna nafasi ya mmoja hata ukitaka kuja."

Wanane na watatu, kumi na mmoja. Kwenye leseni kumi na wawili. Jua lilikuwa juu ya minazi. Kuanzisha makofi na kundi lile lilivyochangamka kungenipotezea robo saa nyingine ya kutaniwa, na kila dakika niliiona ikichukuliwa kutoka mkononi mwa Mwanaidi.

Nikaandika nane. Nikatia sahihi. Nikaruka kurudi kwenye motaboti yetu.

Sikupigisha makofi.

Mzee Athumani alikuwa kwenye usukani na mashine inanguruma. Aliniona nikiandika, akaamini nimehesabu. Tukaenda zetu.

Nilikaa mbele, uso kwenye upepo, nikijaribu kumfikiria Mwanaidi. Nilifikiria jinsi anavyovimba shavu moja akitunga uzi kwenye sindano. Anavyonena jina langu, Saidi, kana kwamba lina herufi mbili zaidi ambazo watu wengine hawazijui. Lakini kila nilipomleta mbele ya macho, vile vicheko vya chini ya turubali vilikuja naye. Sauti ya kwanza ilikuwa nene. Ya pili ya msichana. Ya tatu ya mtu mzima mwenye pumu. Nikaanza kuhesabu bila kutaka. Aliyesema katoroka. Aliyesema mwacheni. Mtoto aliyelia, na mama aliyembembeleza upande mmoja, na aliyekohoa upande mwingine. Nilipofika kumi nikaacha, kwa sababu kulikuwa na vicheko bado.

Kisha nikakumbuka ukingo wa mashua. Nilipouvuka, nilinyoosha mguu tu. Mashua nyepesi ningelazimika kuiparamia. Ulikuwa karibu na maji, chini kama kizingiti cha nyumba.

Minazi ya Msambweni ilikuwa imeshaonekana. Niliweza kuutambua mwembe ulio nyuma ya nyumba yao. Saa kumi na moja na kidogo. Ningeteremka, ningeoga, ningebadili nguo, adhana ingenikuta nimekaa kitini kama mtu mwema.

Sitajisifu hapa. Niliyatazama yale majani ya mwembe nikajiambia kwamba bahari imetulia, kwamba watu wa Vanga wamezaliwa majini, kwamba kila siku vyombo vinazidisha na hufika. Yote ni kweli. Nilikuwa karani mzuri sana wa kujitetea.

Halafu nikasikia ulimi wangu mwenyewe ukisema, "Mzee, wale wanawake sikuwapigisha makofi."

Mzee Athumani hakugeuka. "Uliandika nane."

"Niliambiwa nane."

Alitazama jua. Akanitazama mimi, miguu yenye hina, kikoi kilichochanika. "Bibi Mwanakombo ni shangazi yangu," akasema polepole. "Atakula wewe, kisha atanila mimi." Na akaugeuza usukani wote mpaka tukaiacha minazi nyuma.

Kalume akaiongezea mashine kasi.

Tuliwakuta kusini, pale mkondo wa Funzi unapokutana na maji ya nje na kuinua viwimbi vifupi hata siku iliyotulia. Vidogo tu. Kwa mashua yenye watu kumi na mmoja visingekuwa kitu. Turubali walikuwa wamelivua wenyewe, stara imesahauliwa, wanawake wako wazi kila upande, mabuibui yamelowa, wanateka maji kwa sufuria za arusi na kuyamwaga nje, na kila wimbi lilirudisha yaliyomwagwa. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Hilo ndilo lililonitia baridi. Wale wale walionicheka, hata mmoja hakuwa na neno.

Nahodha wa jino la dhahabu alinipungia mkono. "Maji kidogo tu, karani!"

Nilitamani kumpiga. Kisha nikakumbuka sahihi iliyo kitabuni ni ya nani.

Tuliwavusha mmoja mmoja, motaboti imelala ubavuni mwa mashua, Kalume anashikilia kamba, mimi nimenyoosha mikono. Watoto kwanza. Mzee mmoja wa kike, mnene, mwenye pumu, aliurudisha mkono wake nyuma. Hakuwahi kushikwa mkono na mwanamume asiye wake, akasema, na hataanza leo. Maji yalikuwa kwenye vifundo vyake vya miguu.

"Mama, shikamoo. Tafadhali."

Aliniangalia vizuri. "Ndiye wewe bwana arusi wa papa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Marahaba. Basi nishike. Mkeo atanisamehe."

Alikuwa mzito kama lile boya. Aliponifikia kifuani alinishika shati kwa mikono miwili, na hakuna aliyemcheka mwenziwe.

Tulipowapakia kumi kwetu na kuiacha mashua ikiinuka na waliobaki, Mzee Athumani alisema, "Sasa hesabu." Nikazipa mashua zote mbili mgongo. Kofi la kwanza likatoka mbele. La pili. La tatu. Mengine yalikuwa ya mikono iliyolowa, sauti yake kama samaki anayerushwa sakafuni. Mimi nilitazama bahari na jua lililokuwa likiigusa minazi, nikahesabu mpaka kofi la mwisho.

Kumi na saba. Bila watoto wanne wa mapajani.

Tuliifunga mashua nyuma yetu tukaivuta pole pole. Adhana ya Magharibi ilitufikia tukiwa bado majini, kwa mbali, nyembamba, imebebwa na upepo wa nchi kavu. Mzee Athumani akavua kofia. Mimi nilijua mahali fulani nyuma ya ile minazi mikono mikavu yenye mkasi ilikuwa ikinyooka juu ya mlango wa chumba changu.

Wale kina mama wamelazwa kwa jamaa za Mzee Athumani, wataendelea Gazi kesho kwa nusu nusu. Mimi nilikuja nyumbani peke yangu, nimelowa, nanuka.

Bibi Mwanakombo alikuwa amekaa barazani na tasbihi. Ukindu wenye mafundo manne ulikuwa mapajani mwake, umekatwa.

Nilimwambia yote. Sikuficha hata vicheko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Kumi na saba, Bibi, na watoto."

"Nawe uliandika wangapi?"

"Wanane."

Akazipitisha shanga mbili tatu. "Na hao tisa wengine," akasema, "kama bahari ingewachukua, nani angejua kuwatafuta?"

Siku nzima nililalamika kwamba kazi yangu ni boya na kinyesi cha ndege na papa, kwamba si kazi ya kumwandikia mchumba. Na kumbe ile ndogo kuliko zote, ya kugeuka na kusikiliza makofi, ndiyo kazi yenyewe, nami nikairuka.

"Fungate imekatika," Bibi akasema. "Umefanya vyema kurudi, na imekatika. Haya mawili hayagombani. Leo utalala ukumbini. Kesho baada ya Alasiri utaingia chumbani upya kama bwana arusi, na Magharibi nitafunga fundo la kwanza."

Nilimwambia ruhusa yangu inakwisha Jumamosi.

"Hayo kamwambie aliyeiandika."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka. "Kaoge kwanza. Papa huyo asiingie nyumbani kwangu." Nilipotoka kuoga nikakuta nguo zimefukizwa udi na sahani imefunikwa kawa. Sikumuona aliyeziweka.

Ndiyo naandika hapa ukumbini, kandili pembeni, mlango wa chumba umefungwa mbele yangu, na juu yake hakuna kitu. Mahali pa ukindu pana msumari tu.

Nimetoa kitabu cha kazi mfukoni. Kwa saa nzima nane ile ilikuwa ikinitazama, mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma. Sasa nimeikata kwa mstari mmoja, si kuifuta, na pembeni nimeandika kumi na saba, na chini yake: sikuhesabu. Nimetia sahihi tena. Kesho asubuhi nitampelekea afisa mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Akinipa adhabu nitaipokea. Akiniuliza ninataka nini, nitamwomba siku saba, na kama zikikataliwa nitaomba jioni saba, Magharibi saba tu, baada ya hapo anitume hata kuvuta mwamba wenyewe.

Mwanaidi hajasema neno tangu nirudi. Desturi haimruhusu. Nimekaa nikifikiri kama amenikasirikia, kama amelala, kama anajuta kumpata mwanamume ambaye hata fungate hakuweza kuikaa kwa sababu ya hesabu.

Nilikuwa nimeufikia mstari huu pale niliposikia.

Nyuma ya mlango, karibu kabisa na mbao, kofi moja.

Nimeweka kalamu chini nikaupa mlango mgongo, kama kazi inavyotaka, nikangoja. Halikuja jingine. Halikuhitajika.

Mmoja. Nimeandika. Yupo.

Kesho naanza na fundo la kwanza.